Walima Alizeti: Jina la Singida na timu zilizolibeba

UKITAJA mkoa wa Singida, watu wengi hukumbuka mambo manne: alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Tangu mwaka 2017 limeongezeka la tano, nalo ni mpira wa miguu. Ndani ya miaka minane tu jina la Singida lilifika fainali tatu za vikombe na kuzipoteza zote, likashika nafasi ya nne Ligi Kuu mara mbili, na Septemba 2025 likatwaa Kombe la Kagame, linalogombewa na klabu za Afrika Mashariki na Kati.

Kwa mkoa wenye mvua haba, ambao kwa miaka mingi ulitajwa zaidi katika habari za upungufu wa chakula, hayo si mafanikio ya kubeza. Magazeti na watangazaji wa redio waliwapa wachezaji wake jina la utani la Walima Alizeti, na jina hilo likaingia vinywani mwa watu waliokuwa hawajafika hata Manyoni.

Hata hivyo, timu zilizoleta sifa hizo si moja. Katika miaka hiyo minane jina la Singida lilibebwa na klabu tatu tofauti, chini ya majina manne: Singida United, Singida Big Stars, Singida Fountain Gate na Singida Black Stars. Moja ilishuka daraja na haikurudi. Ya pili ilihama mkoa. Ya tatu ilitoka mkoa mwingine.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa mjini Singida, aliyeanza kuzoea wageni wa siku ya mechi, na kwa mkulima anayeuza kuku na vitunguu kwa hoteli za mji huo, historia hii ina maana kubwa. Inahusu jambo ambalo kila aliyewahi kumtegemea mnunuzi mmoja analijua: huyo mnunuzi akiondoka, kinabaki nini?

Singida United yafungua njia

Singida United ni klabu ya siku nyingi mkoani humo. Baada ya kukosekana katika ngazi ya juu kwa miaka mingi, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017/18, pamoja na Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Mlezi wake alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi na wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye Novemba 2025 alikuja kuteuliwa kuwa Waziri Mkuu.

Timu hiyo haikupanda kwa unyonge. Mwaka 2017 kampuni ya michezo ya kubahatisha ya SportPesa iliingia mikataba ya udhamini na klabu za Tanzania, na Singida United ikawa miongoni mwao pamoja na Simba na Yanga. Kocha alikuwa Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyekuwa ameifundisha Yanga. Walisajiliwa wachezaji kutoka Zimbabwe, Rwanda na ndani ya nchi, wakiwamo Tafadzwa Kutinyu, Danny Usengimana na Deus Kaseke.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa neema. Timu ilimaliza ligi katika nafasi ya tano. Juni 2, 2018 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, ambako Mtibwa Sugar iliifunga mabao 3-2. Miwa ya Turiani ikaishinda alizeti ya Singida. Siku chache baadaye, katika mashindano ya SportPesa mjini Nakuru, Kenya, ilitolewa na Gor Mahia katika nusu fainali, kisha ikapata nafasi ya tatu kwa kuishinda Kakamega Homeboyz kwa mikwaju ya penalti.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Van der Pluijm aliondoka mwaka huo wa 2018 kwenda Azam FC, na Kutinyu naye akaelekea huko huko. Msimu wa 2019/20 Singida United ilishika mkia katika ligi ya timu 20 na kushuka daraja. Miaka mitatu ilitosha kuipandisha, kuitangaza na kuishusha. Uwanja wa mjini ukabaki bila mechi za Ligi Kuu kwa misimu miwili.

Uwanja wenyewe una historia yake. Zamani uliitwa Namfua, na baadaye ukapewa jina la Liti, shujaa wa kike wa Wanyaturu aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee husimulia kwamba silaha yake ilikuwa nyuki, aliowaamuru wawashambulie askari. Mkoa unaorina asali hadi leo hauwezi kumsahau mtu wa namna hiyo.

Timu ya benki yapewa jina la mkoa

Ligi Kuu ilirudi Singida mwaka 2022, lakini kwa mlango mwingine. Timu ya DTB, iliyokuwa na jina la benki, ilipanda daraja mwaka huo pamoja na Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya. Mara baada ya kupanda, DTB ilibadilishwa jina na kuitwa Singida Big Stars, ikahamia Uwanja wa Liti. Van der Pluijm naye alirudi kuinoa.

Msimu wake wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko hata ule wa Singida United. Januari 13, 2023 ilicheza fainali ya Kombe la Mapinduzi Zanzibar na kufungwa na Mlandege mabao 2-1. Ligi Kuu ilimaliza ya nne, na kwa nafasi hiyo ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Kabla mashindano hayo hayajaanza, jina lilibadilika tena. Katikati ya mwaka 2023 klabu iliungana na Fountain Gate na kuitwa Singida Fountain Gate. Ikaitoa JKU ya Zanzibar katika hatua ya kwanza, kisha ikatolewa na Future ya Misri. Mechi zake za nyumbani katika mashindano hayo zilichezwa Dar es Salaam. Mkazi wa Singida aliyetaka kuiona timu ya mkoa wake ikicheza na Wamisri ilimbidi apande basi au atafute kibanda chenye televisheni.

Msimu huo wa 2023/24 haukuisha salama. Katikati ya msimu wachezaji kadhaa wa Singida Fountain Gate walihamia Ihefu, na Ihefu yenyewe ikahama Mbarali na kuanza kutumia Uwanja wa Liti. Singida Fountain Gate, iliyobeba jina la mkoa, ikapeleka mechi zake Mwanza. Kwa miezi kadhaa timu yenye jina la Singida haikuwa Singida, na timu iliyokuwa Singida haikuwa na jina hilo.

Katikati ya mwaka 2024 mambo yaliwekwa sawa. Ihefu ikaitwa Singida Black Stars. Singida Fountain Gate ikaondoa neno Singida, ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati, mkoani Manyara.

Mbarali yabaki na mpunga

Katika biashara, faida ya mmoja mara nyingi huwa hasara ya mwingine. Ilikuwa hivyo hapa pia.

Ihefu ilikuwa timu ya wakulima wa mpunga. Nyumbani kwake palikuwa Ubaruku, wilayani Mbarali, kwenye Uwanja wa Highland Estates, katikati ya moja ya maeneo makubwa ya kilimo cha mpunga nchini. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka 2021, ikarudi 2022. Novemba 29, 2022 iliifunga Yanga mabao 2-1 kwenye uwanja huo na kuikatisha rekodi ya kucheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Siku hiyo jina la Ubaruku lilisikika nchi nzima.

Miezi 14 hivi baadaye timu hiyo ilikuwa imeondoka. Waliokuwa wakipika, kupangisha vyumba na kubeba abiria siku ya mechi walirudi kwenye mpunga wao. Mechi za Ligi Kuu walizokuwa wakizitazama mlangoni mwao wakaanza kuzitafuta kwenye televisheni.

Ndiyo maana shangwe ya Singida ina funzo ndani yake. Kilichotokea Mbarali mwaka 2024 kinaweza kutokea popote ambapo timu imefika kwa uamuzi wa wachache. Njia iliyoileta ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuitoa.

Linganisha na Mtibwa Sugar, waliolichukua kombe mwaka 2018. Ile ni timu ya kiwanda cha sukari, iliyozaliwa katikati ya mashamba ya miwa mkoani Morogoro, na iliwahi kuwa bingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000. Mwaka 2024 ilishuka daraja. Haikubadilishwa jina wala kuhamishiwa mkoa mwingine. Ilicheza daraja la chini msimu mmoja, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2025 ikiwa ni ile ile.

Kubadilisha jina si jambo geni

Watu wasidhani mtindo huu ulianzia Singida. Mwishoni mwa miaka ya 2000, timu ya Mbagala Market ya Dar es Salaam ilinunuliwa na mfanyabiashara Mohammed Dewji na kuitwa African Lyon. Dewji mwenyewe ni mzaliwa wa Singida, na alikuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015. Baadaye alikuja kuwa mwekezaji wa Simba.

Lakini Simba ilikuwa na kitu ambacho timu ndogo hazina: wanachama wenye kadi na matawi. Mwaka 2017 uwekezaji huo ulipojadiliwa, serikali ilishikilia kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49 na wanachama wabaki na asilimia 51. Simba haiwezi kuamka asubuhi ikakuta imehamia mkoa mwingine, kwa sababu wenyewe wapo na wanajulikana.

Klabu iliyojengwa juu ya fedha za mtu au kampuni haina kinga hiyo. Inaweza kufanya vizuri sana uwanjani, kama Singida ilivyoonyesha. Lakini siku mwenye fedha akichoka au akipata eneo lenye faida zaidi, hakuna mkutano mkuu wa kumuuliza.

Wajapani walipita njia hiyo hiyo

Swali la nani mwenye timu liliwahi kuwasumbua Wajapani pia, nao walilitafutia jibu miaka 30 na zaidi iliyopita. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 klabu kubwa za Japan zilikuwa timu za viwanda na makampuni, zikiitwa kwa majina ya makampuni hayo. Viwanja vilikuwa na watazamaji wachache, kwani mtu wa kawaida hakuona sababu ya kushangilia kampuni ambayo hafanyi kazi.

Mei 1993 ilipoanza ligi ya kulipwa, J-League, yenye klabu 10, yaliwekwa masharti. Klabu iwe na mji wake, ishirikiane na watu wa mji huo, ilee timu za vijana, na jina la kampuni litolewe kwenye jina la timu.

Mfano unaofaa kwa Singida ni Kashima, mji mdogo wa mkoa wa Ibaraki, mashariki mwa Tokyo. Eneo hilo lilikuwa la wakulima na wavuvi, hadi miaka ya 1960 lilipogeuzwa kuwa la viwanda. Kampuni ya chuma ya Sumitomo ilikuwa na timu iliyoanzishwa Osaka mwaka 1947 na kuhamishiwa Kashima mwaka 1975, kwenye kiwanda chake. Kwa maneno mengine, nayo ilikuwa timu ya kuhamia. Tena ilikuwa ikicheza daraja la pili, na wakubwa wa ligi mpya hawakuona kama mji mdogo hivyo ungeweza kuingia.

Kashima walikubali masharti. Ulijengwa uwanja wenye paa wa watu 15,000, uliokamilika mwaka 1993. Kabla ya hapo, mwaka 1991, alikuja Zico, nyota wa zamani wa Brazil. Timu ikaacha jina la kampuni na kuitwa Kashima Antlers, yaani pembe za paa, kwa kuwa jina la mji huo linahusu paa na hekalu lake la kale linafuga wanyama hao. Katika mechi ya kwanza ya ligi, Mei 16, 1993, Zico alifunga mabao matatu na Kashima ikaifunga Nagoya Grampus 5-0.

Ubingwa wa kwanza wa ligi ulikuja mwaka 1996, na kufikia 2016 klabu hiyo ya mji mdogo ilikuwa imeutwaa mara nane. Mwaka 2018 ikawa bingwa wa klabu za Asia. Kubwa kwa wasomaji wa kurasa za biashara ni lililotokea 2019. Mwaka huo kampuni ya chuma iliuza hisa nyingi za klabu kwa kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Mercari. Mmiliki alibadilika, lakini timu haikuhama wala haikubadilisha jina. Mji ulikuwa umeshaishika.

Kampuni yajitoa, mashabiki wachangishana

Si kila mji wa Japan ulibahatika. Jijini Yokohama kulikuwa na klabu ya Flügels, iliyotegemea shirika la ndege la All Nippon Airways na kampuni ya ujenzi ya Sato. Mwaka 1998 uchumi ulipobana, kampuni ya ujenzi ilijitoa. Oktoba mwaka huo ikatangazwa kwamba Flügels itaunganishwa na Marinos, wapinzani wao wa mji mmoja. Mashabiki hawakuulizwa.

Wachezaji waliendelea kucheza wakijua timu yao inakufa. Wakafika fainali ya Kombe la Mfalme na Januari 1, 1999 wakaifunga Shimizu S-Pulse mabao 2-1. Walipokea kombe, kisha klabu ikafungwa. Klabu iliyobaki iliongeza herufi F kwenye jina lake, na ndiyo kumbukumbu pekee.

Mashabiki waliokataa muungano huo walichangishana fedha na mwaka huo huo wa 1999 wakaanzisha klabu mpya, Yokohama FC, wakifuata mtindo wa wanachama wanaolipa ada. Walianza chini. Mwaka 2001 waliingia daraja la pili la ligi ya kulipwa, na mwaka 2007 wakacheza daraja la kwanza. Hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao walipoanza. Walikuwa na orodha ya majina ya watu na ada zao.

Mkulima aliye katika chama cha ushirika cha msingi analielewa hili bila kufundishwa. Mnunuzi binafsi anaweza kulipa vizuri mwaka huu na asionekane mwakani. Chama kinaweza kuwa na matatizo yake mengi, lakini daftari la wanachama haliwezi kupakiwa kwenye lori likahamishwa usiku.

Mpira na mfuko wa mwananchi

Je, Ligi Kuu ina faida gani hasa kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Singida? Ni vyema kufanya hesabu kabla ya kushangilia.

Ligi ya timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu, na nusu yake huchezwa nyumbani. Hiyo ni siku 15 za mechi kwa mwaka mzima, ukiacha mechi za vikombe. Kati ya hizo, zinazoleta umati mkubwa kwa hakika ni mbili, za Simba na Yanga. Siku hizo nyumba za kulala wageni hujaa, mama lishe huongeza masufuria, na madereva wa bodaboda hawapumziki. Siku zilizobaki wageni ni wachache: timu pinzani, waamuzi, waandishi wa habari na mashabiki waliosafiri.

Basi anayekopa fedha ili afungue mgahawa kwa kutegemea mechi pekee amejitafutia hasara, kwani siku 15 haziwezi kulipa kodi ya pango ya miezi 12. Mwenye busara huichukulia siku ya mechi kama gulio la nyongeza juu ya biashara yenye wateja wake wa kila siku. Singida ni njia panda ya mabasi na malori yaendayo Dodoma, Mwanza na Arusha. Wasafiri hao wapo hata ligi ikiwa mapumzikoni.

Kuna jambo la pili ambalo ni wachache hulizungumza. Ligi huanza Agosti na kumalizika Mei au Juni, wakati alizeti hupandwa Desemba na Januari na kuvunwa kuanzia Mei. Sehemu kubwa ya mechi huangukia miezi ambayo mkulima yuko shambani na mfuko wake ni mtupu. Fedha za mavuno zinapoingia, ligi inamalizika. Klabu inayotaka wakulima wajaze uwanja ingeweza kuuza tiketi za msimu mwezi Juni na Julai, wakati alizeti inapokamuliwa, badala ya kusubiri Februari.

Kwa wafugaji wa kuku, suala ni muda. Kuku wa kienyeji huchukua miezi kadhaa hadi kufaa kuuzwa, na ratiba ya mechi inaweza kubadilishwa wiki moja kabla. Mfugaji hawezi kukimbizana na ratiba. Anachoweza kufanya ni kupata mkataba na hoteli au kambi ya timu, inayokula kila siku, mechi ipo au haipo. Timu ya Ligi Kuu ina wachezaji na viongozi zaidi ya 30 wanaohitaji kuku, mayai, mboga, asali na mafuta ya kupikia. Huyo ni mteja wa mwaka mzima, iwapo tu kambi iko mkoani na si kwingineko.

Fedha zipo kwenye mpira wa Tanzania. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 wa haki za televisheni za Ligi Kuu wenye thamani ya Sh 225.6 bilioni, na mwaka huo huo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Hivyo kubaki Ligi Kuu kumekuwa na thamani kuliko zamani. Ndiyo sababu nafasi katika ligi hiyo huhamishwa na kupewa majina mapya kama duka linalobadilishiwa kibao.

Mwaka wa mavuno

Kwa Singida Black Stars, 2025 ulikuwa mwaka wa mavuno. Ilimaliza msimu wa 2024/25 katika nafasi ya nne. Juni 29, 2025 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB mjini Zanzibar na kufungwa na Yanga mabao 2-0. Septemba 15, chini ya kocha Miguel Gamondi, iliifunga Al Hilal ya Sudan mabao 2-1 jijini Dar es Salaam na kutwaa Kombe la Kagame. Mabao yote mawili yalifungwa na Clatous Chama. Baadaye ikazitoa Rayon Sports ya Rwanda na Flambeau du Centre ya Burundi, ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa mara ya kwanza.

Jambo lenye uzito zaidi kwa mji huenda lilikuwa lile la Machi 2025, ulipofunguliwa uwanja mpya wa klabu eneo la Mtipa, uliopewa jina la kampuni ya simu ya Airtel. Mkataba wa mchezaji huisha, na kocha huondoka na begi lake. Uwanja hauondoki. Klabu iliyojenga mahali ina sababu ya kubaki mahali hapo, kama walivyofanya Kashima.

Bado kuna kazi. Jengo peke yake halijafunga ndoa kati ya timu na mkoa. Wajapani waliweka timu za vijana kuwa sharti, na kwa Singida hilo lingemaanisha watoto wa Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi kuchezea timu inayobeba jina lao, badala ya kusajili kila msimu wachezaji wanaopita tu. Lingemaanisha pia matawi yenye kadi na ada ndogo, ambayo mkulima anaweza kuilipa akishauza magunia yake. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni mbili mkoani Singida. Hata sehemu ndogo tu ya hao ikiwa na kadi, timu inapata sauti ya pili mbali na ile ya mwenye fedha.

Wafanyabiashara nao wasisubiri kuitwa. Wakamuaji wa alizeti, wauza asali, wenye hoteli na wasafirishaji wanaweza kuungana na kudhamini hata timu ya vijana, wakaweka nembo zao kwenye jezi. Mafuta ya Singida yanauzwa nchi nzima, mengine kwenye chupa zisizo na jina, kando ya barabara. Timu inayoonyeshwa kwenye televisheni kila wiki ikiitwa Walima Alizeti ni tangazo ambalo mkoa umelipata karibu bure. Kulitumia kunahitaji chupa iwe na lebo na mafuta yawe na ubora, ili anayeona jina hilo uwanjani alikute pia dukani.

Singida imeshaona timu ikishuka na nyingine ikihama. Mbarali nao wameona yao ikiondoka. Ya tatu ipo, ina kombe na ina uwanja, na huu ndio wakati wa kuifungulia daftari la wanachama, kabla hakijatokea cha kuwafanya watu walitafute.